Mifupa ya wayo iliyoungana: itenganishwe kwa upasuaji au iunganishwe kabisa?

Mzazi wa Tanga aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Ninaomba ushauri, hasa wa madaktari wa mifupa na wa wazazi waliokwisha kupitia jambo hili.

Mwanangu wa kiume ana miaka 13, yuko kidato cha kwanza. Kwa miaka miwili sasa amekuwa akiteguka kifundo cha mguu wa kulia mara kwa mara, tena kwa mambo ambayo hayatoshi kumtegua mtu: kukanyaga kokoto njiani, kushuka kwenye bajaji, kukimbia uwanjani bila kuguswa na yeyote. Kila mara tulimfunga bendeji na kumpaka dawa ya kuchua, na mara mbili bibi yake alimpeleka kwa mzee mmoja wa mtaani anayesifika kwa kukanda viungo, akarudi analia na mguu umevimba kuliko ulivyokwenda. Hospitalini alipigwa picha ya eksirei ya kifundo, tukaambiwa hakuna mfupa uliovunjika, tukapewa dawa za maumivu, tukarudi nyumbani.

Kilichonishtua ni viatu vyake vya shule. Jioni moja nilivichukua nivipige rangi, nikaona kiatu cha kulia kimelika upande wa ndani wa kisigino hadi soli imebaki kama karatasi, ilhali cha kushoto bado kilikuwa na meno yake. Nikamwambia asimame peku sakafuni. Wayo wa kulia ulilala wote chini, hauna upinde hata kidogo, na kisigino kimeelekea nje.

Safari hiyo tulifika kwa daktari wa mifupa, ambaye alikishika kisigino cha mtoto kwa kiganja na kujaribu kukigeuza ndani na nje, kikagoma. Aliagiza picha nyingine iliyopigwa kwa mshazari, na baadaye kipimo cha CT. Majibu yanasema kwamba mfupa wa kisigino umeungana na mfupa wa navikula, na kwamba mguu wa kushoto nao una dalili za muungano huohuo ambao bado ni wa gegedu (tishu laini kuliko mfupa), ingawa mtoto hajawahi kuulalamikia. Alifungwa plasta ngumu kwa wiki tano, maumivu yakatulia kabisa, lakini mwezi mmoja baada ya kurudi mpirani yakaanza upya. Sasa daktari amependekeza upasuaji wa kukata na kuondoa sehemu iliyoungana.

Ninachoomba kueleweshwa ni hiki. Shemeji yangu, ambaye ana rafiki aliyetibiwa tatizo kama hili, anasema rafiki huyo hakukatwa chochote, bali mifupa yake iliunganishwa kabisa kwa skrubu. Ikiwa ugonjwa wenyewe ni mifupa kuungana, dawa yake inawezaje kuwa kuiunganisha zaidi? Je, na mguu wa kushoto ufanyiwe upasuaji wakati huohuo ili tumalize? Na je, kuna ubaya gani tukisubiri hadi amalize kukua?

Daktari wa Mifupa, Moshi alijibu:

Mzazi mwenzangu, pole kwa mzunguko huo mrefu. Nitaanza na swali lako la skrubu kwa sababu linawatatiza hata wanafunzi wetu wodini, na mtu akishalielewa, maamuzi mengine yote katika ugonjwa huu huwa mepesi.

Jambo la kuuliza kwanza ni kama mahali palipoungana palipaswa kuwa na kiungo au hapakupaswa. Mfupa wa kisigino na navikula, ambayo ni mfupa mdogo ulio juu ya upinde wa wayo kwa upande wa ndani, ni majirani wasiogusana. Katika wayo wa kawaida kati yao hakuna kiungo, kuna kano tu. Mwanao alipokuwa tumboni, katika wiki zile za mwanzo ambapo mifupa ya wayo hujitenga kutoka katika bonge moja la tishu changa, sehemu hiyo haikujitenga vizuri, ikaacha daraja. Daktari anapolikata daraja hilo hamnyang'anyi mtoto kiungo chochote. Anaondoa kitu ambacho hakikupaswa kuwapo, na viungo vya jirani vinapata nafasi ya kusogea.

Aina ya pili iliyo ya kawaida ni ile ya talusi, yaani mfupa unaokalia kisigino, kuungana na kisigino chenyewe. Hapo hali ni tofauti kabisa, kwa sababu kati ya mifupa hiyo miwili kuna kiungo halisi chenye nyuso za gegedu, na ndicho kinachokiruhusu kisigino kugeuka ndani na nje tunapotembea kwenye matuta ya shamba au kwenye mawe. Daraja likiwa limekula sehemu kubwa ya kiungo hicho, kulikata hakurudishi gegedu ambalo halikuwahi kuwapo. Kutabaki mfupa mtupu unaosugua mfupa. Kumbuka pia kwamba kinachouma si muungano uliokamilika. Kinachouma ni kiungo kilichobaki nusu, kinachovutwa kila hatua na kushindwa kusogea, pamoja na viungo vya jirani vinavyobebeshwa kazi isiyo yao. Mifupa iliyotulia kabisa haiumi. Ndiyo maana kwa mgonjwa ambaye kiungo chake kimekwisha kuharibika tunakiunganisha moja kwa moja kwa skrubu: tunamwondolea mwendo mdogo wenye maumivu aliobaki nao. Rafiki wa shemeji yako huenda alikuwa wa kundi hilo, na mwanao kwa maelezo uliyotoa si wa kundi hilo.

Umeniambia ana miaka 13, na hilo halinishangazi. Madaraja haya huanza yakiwa laini, ya nyuzi au ya gegedu, na mtoto hukimbia nayo bila habari. Lile la kisigino na navikula kwa kawaida hugeuka mfupa kati ya miaka 8 na 12, na lile la talusi na kisigino kati ya miaka 12 na 16. Linapokakamaa, wayo hupoteza ule mwendo wa pembeni, na mtoto akikanyaga kokoto, msokoto ambao ungemezwa na kisigino hupanda wote hadi kifundoni. Familia huona kuteguka. Chanzo kiko chini zaidi. Ndiyo maana ninawaomba wenzangu wa zahanati wasimwandikie dawa ya kuchua mtoto aliyeteguka mara ya tatu mguu uleule kabla ya kukishika kisigino chake.

Picha yako ya kwanza nayo haikuonyesha kitu kwa sababu inayoeleweka. Picha za kifundo hupigwa kwa mbele na kwa ubavu, na daraja hili hujificha humo. Linaonekana vizuri wayo ukilazwa mshazari kwa nyuzi 45, mbinu ambayo daktari Slomann alikuwa ameieleza tangu mwaka 1921. Hata hivyo picha ya ubavu huwa na fununu kwa anayejua kutazama: ncha ya mbele ya kisigino hurefuka ikafanana na pua ya mnyama mla mchwa. Sisi tunaweza kusema pua ya muhanga, na kwa kweli ukishaiona mara moja huisahau. CT huonyesha vizuri ukubwa wa daraja la mfupa na kama kuna jingine lililojificha katika wayo uleule, jambo ambalo ni lazima lijulikane kabla ya kisu; kipimo cha MRI ni bora pale daraja linaposhukiwa kuwa la nyuzi au la gegedu.

Upasuaji wenyewe ni wa siku nyingi. Daktari Badgley aliueleza mwaka 1927, na daktari Cowell mwaka 1970 ndiye aliyeufanya ujulikane zaidi kwa kujaza pengo kwa msuli mfupi unaonyanyua vidole. Mtoto hupewa usingizi, paja hufungwa mkanda wa kuzuia damu, na ngozi hukatwa sentimita chache kwa mshazari upande wa nje wa wayo, mbele na chini ya kifundo. Msuli huo mfupi hunyanyuliwa, daraja likaonekana, likakatwa kwa patasi pande zote mbili. Hapa ndipo ustadi ulipo. Pande mbili hizo zikikutana kwa chini, kinachotoka ni kabari, na mfupa uliobaki chini utaendelea kuuma. Kinachotakiwa kutoka ni kipande chenye umbo la tofali, kinachoacha uwazi wa kama sentimita moja au zaidi kutoka juu hadi chini kabisa. Kisha daktari hupiga picha palepale mezani na kuugeuza wayo kwa mkono kuona kama umefunguka. Nyuso za mfupa zilizokatwa hupakwa nta ya mfupa, na pengo hujazwa ili mfupa usirudi kuota. Wengine bado hutumia ule msuli, wengine, nikiwamo mimi, hupendelea mafuta yanayochukuliwa kwenye mkunjo wa chini ya tako, kwa kuwa msuli mara nyingi haufiki chini ya pengo na huacha bonde juu ya wayo.

Kuhusu mguu wa kushoto: usiguswe. Takriban nusu ya wenye ugonjwa huu wanao miguu yote miwili, na wengi huumwa mmoja tu. Hukadiriwa kwamba angalau mtu mmoja katika kila mia ana muungano wa aina fulani katika wayo, na wengi wao watazeeka bila kujua. Tunatibu maumivu, hatutibu picha.

Kuhusu kusubiri, kama maumivu yangetulia kwa plasta na soli za kunyanyua upinde, ningesema subirini hata milele. Lakini mmejaribu, yamerudi, na mtoto ameacha mchezo. Matokeo ya kukata huwa mazuri zaidi kabla gegedu la viungo vya jirani halijachakaa. Mkisubiri miaka kumi, huenda mlango wa kukata ukafungwa na ukabaki ule wa skrubu.

Mwisho, muulizeni daktari wenu mambo mawili ambayo siwezi kuyajua kutoka hapa: CT inasemaje kuhusu kiungo cha talusi na kisigino, na kisigino kimeelekea nje kwa kiasi gani. Kama wayo umelala sana, kukata daraja peke yake hakutaunyanyua, na pengine itabidi mfupa wa kisigino ukatwe na kurekebishwa mwelekeo, siku hiyo au baadaye.

Mama wa Likoni alijibu:

Daktari ameeleza vizuri, nami nitasema kidogo kuhusu ile aina ya pili kwa kuwa ndiyo iliyompata binti yangu.

Yeye alianza kulalamika akiwa na miaka 14, maumivu upande wa ndani wa mguu, chini ya fundo, na jioni misuli ya ubavu wa mguu ilikuwa inakaza hata wayo unapinda nje wenyewe. Tulizunguka mno. Mmoja aliniambia binti ana uvivu wa mazoezi ya shule, na maneno hayo yaliniuma kwa sababu mtoto mwenyewe alianza kuyaamini. Ninawaomba wazazi wafanye jaribio ambalo fundi mmoja wa viatu vya walemavu alinifundisha bure, tena kabla hatujaonana na daktari yeyote aliyetuelewa: msimamishe mtoto peku, wewe kaa nyuma yake chini, mwambie asimame kwa ncha za vidole. Mtoto mwenye wayo bapa wa kawaida, upinde hujitokeza na visigino huingia ndani kidogo. Wa binti yangu, kisigino cha kushoto kiliingia ndani, cha kulia kilibaki vilevile kimetazama nje, kama mlango uliogandishwa na kutu.

Kwake swali la kukata au kuunganisha halikuwa jepesi. Daktari alikaa na picha za CT akihesabu sehemu ya kiungo iliyoungana, akatuambia kwamba wapasuaji wengi hutumia nusu ya uso wa kiungo cha nyuma kama mpaka: chini ya hapo hukata, juu yake huanza kusita, hasa kama kisigino kimepinda nje sana. Yake ilikuwa chini ya nusu. Alipasuliwa kwa ndani ya mguu, mahali ambapo mshipa wa damu na neva ya unyayo hupita jirani kabisa na kisu, wakaweka mafuta kwenye pengo. Leo ana miaka 17. Anatembea bila maumivu, anaogelea, lakini kisigino hakikupata mwendo wote, na akivuka mchanga wa pwani kwa muda mrefu huchoka mguu huo kabla ya mwingine. Tuliambiwa mapema kwamba lengo ni kuondoa maumivu, na kwamba mguu hautakuwa sawasawa na wa mtu mwingine, kwa hiyo hatukuvunjika moyo.

Jambo jingine, mama mwenzangu au baba, samahani sijui: wachunguze ndugu zake. Ugonjwa huu huenda katika familia. Sisemi wapigwe picha kama hawaumwi, ila mmoja wao akianza kuteguka ovyo msipoteze miaka miwili tena.

Mzee wa Unguja alijibu:

Mimi ndiye mfano wa ule mlango wa pili alioutaja daktari, nami nimeona niandike ili mzazi asiogope neno skrubu kupita kiasi, wala asilichukulie kuwa ni jambo dogo.

Mguu wangu wa kushoto uliniuma tangu ujana na mimi nikauita baridi yabisi, kwa kuwa baba yangu naye alikuwa akichechemea na ndivyo alivyouita wake. Nilifika kwa daktari wa mifupa nikiwa na miaka 46. Kulikuwa na muungano wa talusi na kisigino, na viungo viwili vya mbele yake, kile cha talusi na navikula na kile cha kisigino na kuboidi (mfupa ulio mbele ya kisigino upande wa nje), vilikuwa vimechakaa. Nikaunganishwa vyote vitatu, mfupa wa nyongeza ukachukuliwa nyongani na skrubu zikatiwa. Wiki sita sikukanyaga chini kabisa, na wiki nyingine sita nilitembea na hogo, yaani plasta ngumu, huku naegemea magongo. Kwa mtu anayeishi ghorofani katika nyumba ya ngazi za mawe, hilo peke yake ni mtihani.

Maumivu ya zamani yameondoka, sitasema uongo. Kifundo chenyewe bado kinapanda na kushuka, kwa hiyo barabarani huwezi kunijua. Nilichokipoteza ni kule kugeuka pembeni. Katika swala, wakati wa tahiyatu, sisi hulaza wayo wa kushoto na kuukalia, na wangu haulali tena. Ninakaa kitini safu ya mwisho pamoja na wazee wanaonizidi miaka ishirini. Nikitembea pwani kwenye mawe ya matumbawe natazama kila hatua. Na daktari aliniambia wazi kwamba mzigo ambao zamani uligawanywa sasa unabebwa na kifundo, nacho kinaweza kuchakaa baada ya miaka mingi.

Kwa hiyo, kijana wangu mzazi, ikiwa mtoto wako bado ana nafasi ya kukatwa daraja na kubaki na viungo vyake, mimi katika umri wako nisingeiachia.

Mzazi wa Tanga aliandika:

Nawashukuru sana, na Mzee shikamoo. Mama wa Likoni, mimi ni baba, lakini hujakosea kitu.

Leo nimerudi kumwona daktari nikiwa na maswali yale mawili. Amesema kiungo cha talusi na kisigino kiko salama kwenye CT, na kisigino kimeelekea nje kidogo tu, hahitaji kukirekebisha. Amependekeza likizo ya Desemba. Sasa ninachotaka kujua ni maisha ya baada ya hapo: atakaa na plasta muda gani, ataanza lini kukanyaga, na lini nitamruhusu kugusa mpira bila kujilaumu? Pia daktari ametaja kifungo, nami nikaona haya kuuliza tena. Kifungo cha nini?

Mtaalamu wa Fiziotherapia, Dodoma alijibu:

Ndugu, kifungo ni kifungo kweli, kama cha shati. Pale daktari anapotumia msuli kujaza pengo, huufunga uzi, akaupitisha uzi huo pengoni hadi utokee kwenye ngozi upande wa ndani wa wayo, na kuufunga juu ya kifungo chenye pamba chini yake ili usikate ngozi. Huondolewa baada ya wiki chache na hakina maumivu makubwa. Siku akikiona mwanao atakuonyesha kila mgeni. Kama daktari wenu anatumia mafuta, hakutakuwa na kifungo.

Kuhusu muda, kila mpasuaji ana utaratibu wake na wake ndio wa kufuata, lakini kwa wagonjwa ninaopokea mimi picha huwa hivi. Wiki mbili au tatu za kwanza mguu uko kwenye plasta au kiatu kigumu, hakanyagi, na muda mwingi umenyanyuliwa kwa mito, juu kuliko moyo. Siku hizo msimamizi mkuu ni wewe. Vidole vikiwa baridi au vimebadilika rangi, ganzi ikizidi, au maumivu yakipanda badala ya kushuka hata baada ya dawa, usisubiri asubuhi; nenda plasta ifunguliwe usiku huohuo.

Kidonda kikipona ndipo kazi yetu inapoanza, na inaanza mapema makusudi, kwa sababu pengo lililokatwa linahitaji mwendo ili lisijazwe na kovu gumu wala mfupa mpya. Ninawaambia watoto waandike irabu hewani kwa kidole gumba cha mguu, a e i o u, asubuhi na jioni, bila kusogeza goti. Halafu ninawapa komwe za bao wazichukue kwa vidole vya mguu sakafuni na kuzitia kwenye bakuli lililowekwa upande wa ndani, ili wayo ulazimike kugeuka. Mtoto wa kwanza niliyempa zoezi hilo alimaliza komwe zote huku amejikunja mwili mzima, wayo wenyewe haukugeuka hata chembe. Tangu hapo ninamkalisha kitini na kulishika goti. Kukanyaga huanza taratibu, kwa wengi kati ya wiki ya tatu na ya sita, kwanza kwa magongo mawili, kisha moja, kisha bila. Baada ya hapo tunaimarisha misuli ya shavu la mguu na ya ubavu wa mguu kwa mpira wa kuvuta, na kusimama kwa mguu mmoja juu ya godoro.

Mpira wa miguu, tarajia kati ya miezi mitatu na sita. Mimi simruhusu mtoto kwa kuhesabu miezi tu. Namtaka asimame kwa mguu mmoja, anyanyuke kwa ncha za vidole mara ishirini bila kushika ukuta, na arukeruke kwa mguu huo bila kuchechemea kesho yake.

Daktari wa Mifupa, Moshi aliongeza:

Nakubaliana na mwenzangu, na nitaongeza matatu ambayo wazazi hawaambiwi wakati wa kutia saini.

La kwanza, kuna tawi dogo la neva linalopita karibu na mkato. Sehemu ya ngozi juu ya wayo au pembeni yake inaweza kubaki na ganzi kwa miezi, wakati mwingine daima. Haimzuii kutembea, lakini ni vema ajue kabla. La pili, daraja linaweza kuota tena. Si kwa wengi, na hutokea zaidi pale lilipokatwa kidogo mno, kwa hiyo ombeni mpigiwe picha ya mshazari baada ya upasuaji na mbaki na nakala yake nyumbani ili kuwe na kitu cha kulinganishia miaka ijayo. La tatu, wachache huendelea kuumwa hata daraja likiwa limetoka lote, na hao tunawatafutia chanzo kingine katika wayo uleule kabla ya kuwarudisha mezani.

Mzazi mwingine akisoma haya, asihitimishe kwamba kila wayo mgumu wa mtoto ni mifupa iliyoungana. Mtoto mwenye homa, maumivu yanayomwamsha usiku, au uvimbe wenye joto anahitaji kutafutiwa maambukizi ya mfupa, kifua kikuu cha kiungo, baridi yabisi ya utotoni au uvimbe wa mfupa, na hayo hayasubiri likizo.

Na kuhusu tarehe, Desemba ni nzuri. Mkipasua wiki ya kwanza ya likizo, shule zikifunguliwa Januari atakuwa anajifunza kukanyaga. Andikeni barua mapema kwa mwalimu wa darasa kuomba asamehewe mchakamchaka na usafi wa mazingira hadi Aprili, na kama darasa lake liko juu, ahamishiwe la chini.

Mzazi wa Tanga aliandika:

Darasa lake liko juu. Kesho naenda kuonana na mwalimu mkuu.

Jioni hii nimemsimamisha na mdogo wake wa kike kwa ncha za vidole, nimekaa nyuma yake sakafuni kama Mama wa Likoni alivyosema. Visigino vyote viwili vimeingia ndani. Kaka yake amecheka, akasema yeye ndiye mwenye pua ya muhanga nyumba hii.